Samaki wa Kisimani

Mjukuu wangu Raya,

Marahaba. Sote wazima, kaka yako kaposa. Namwambia Maryam wa jirani aandike, wala asipunguze ukali.

Ati mwalimu wako wa chuo anataka uwafiche katika ripoti yako samaki waliokufa katika mto unaouchunguza, ndipo upate shahada na kazi. Nawe unaniuliza? Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Nilipokuwa kigori hapa Mtoni, tulifuga samaki kisimani ale viluwiluwi. Akifa, ni dalili maji yana sumu, kisima hufungwa. Siku moja nikamkuta anaelea. Nikaogopa kusemwa, nikamzika nyuma ya jiko, nikanyamaza. Watu wakaendelea kunywa. Mdogo wangu Asha akaumwa tumbo, hakuinuka tena.

Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua mpaka leo.

Waandike samaki wako wote, mmoja mmoja. Wakikufukuza, rudi. Chumba chako nakifagia kila Ijumaa.

Bibi yako