Shimo la Mkomamanga

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na shemeji na watoto. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na yule wa mwisho, ameacha kukohoa? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nafanya kazi, ila usingizi ndio umenikimbia. Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, dada, wewe huniachi nimalize. Leo nataka nimalize.

Uliuliza habari za miti yako, nianze na hiyo. Bogenvilia mbili za getini zimeshika vizuri. Nilifanya kama ulivyoagiza: nikapunguza matawi, nikachimba kuzunguka shina, nikakata mzizi mkuu, nikazipanda kwenye makarai niliyoyatoboa chini, kokoto kwanza, kisha udongo mwepesi. Nikafunga mashina kwa kamba ili upepo usiyatikise, nikayaweka kivulini. Mkomamanga nao umechipua. Ulisema baada ya miaka mitano, sita hivi, itakuwa bonsai, miti mifupi ya vyunguni, ya kupanga barazani kwako, na kila mgeni atauliza umezitoa wapi. Mafundi wako nao wamefikisha vile vyumba vya uani kwenye linta, juu ya madirisha. Basi, ya miti na ya nyumba yameisha.

Wiki iliyopita nilikutana na Mama Sweta. Huwezi kumsahau: yule mama aliyemhudumia Mama miaka minne, tukampa jina hilo kwa sababu hakulivua sweta lake la kijani hata jua liwake namna gani. Nilimkuta nyuma ya hoteli ndogo karibu na karakana yetu, amechuchumaa anasugua masufuria. Amekonda. Nilimuuliza mbona ameacha kuhudumia wazee, kazi anayoijua kuliko manesi wengine. Akanijibu bila kuinua uso kwamba alipata nyumba mbili, na zote zilimfukuza baada ya kusikia habari zake. Ya pili, alisema, walikupigia wewe simu.

Najua ulichowaambia. Ndicho ulichosema kwenye msiba wa Mama, mbele ya mjomba, mashangazi na majirani wote: kwamba huyu mwanamke alipiga deki bafuni akaacha sakafu inateleza, akaenda kuzurura, na Mama akavunjika nyonga. Ulimwita muuaji. Alikuwa ameshika sinia ya vikombe. Akaiweka chini taratibu, akachukua mfuko wake, akaondoka hata kabla hatujazika. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nikatazama viatu vyangu.

Sasa nisikilize. Mama hakuanguka bafuni.

Ilikuwa Jumamosi, mafundi wako waanze Jumatatu, nawe ulikuwa umeshanipigia mara nne tangu asubuhi. Mkomamanga usiguswe na koleo la fundi, ulisema, mizizi isikauke, nikutumie picha kila hatua. Mama Sweta aliniomba ruhusa aende duka la dawa kumchukulia Mama dawa ya macho. Alinisisitizia nisimwache peke yake. Nikamwambia nenda, mimi nipo. Na kweli nilikuwepo. Nilikuwa nimeshaung'oa mkomamanga pale karibu na kamba ya kuanikia nguo, nikaubeba hadi barazani mbele ili nikate mizizi, na huko nyuma nikaacha shimo la kufika magotini, katikati ya njia aliyopita Mama kila siku kwa kupapasa ukuta. Unajua macho yake yalivyokuwa. Njia ile aliijua kwa miguu.

Mama aliniita. Alisema kama anasikia manyunyu, nguo zitalowa. Nilimsikia, dada. Nilikuwa na mkasi mkononi, mizizi nusu imekatwa, simu inalia, ni wewe. Nikasema moyoni asubiri kidogo. Akaniita mara ya pili. Nikapiga picha ya mizizi, nikakutumia. Ndipo nikasikia kishindo.

Nilimkuta shimoni, mguu umejikunja chini yake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, shimo hili limetoka wapi?"

Nilimbeba ndani. Nikamwosha miguu, nikambadilisha gauni, nikamlaza kwenye korido, mlangoni mwa bafu. Kila nilipomgeuza alinikamata mkono kwa nguvu. Daktari aliniambia baadaye kwamba mtu aliyevunjika vile hatakiwi kusogezwa. Hakujua anazungumza na aliyemsogeza. Mama Sweta aliporudi na dawa, nilimwambia, "Umeacha maji bafuni." Ndilo neno la kwanza lililonitoka. Sikulipanga, lakini sikulirudisha.

Siku zote kumi na moja za hospitali, kila daktari alipomuuliza alivyoanguka, Mama alijibu kwamba hakumbuki. Alikumbuka. Siku ya tisa, tukiwa wawili tu, aliniuliza kama lile shimo nimelifukia. Nikamwambia tayari. Akasema vizuri, mtu mwingine asiumie.

Haya yote nilimwambia Mama Sweta palepale kwenye masufuria. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akasema, "Nilijua siku ileile. Kucha za Mama zilikuwa na udongo. Bafuni kuna udongo?" Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akaniuliza ni nani angemwamini yeye, aniache mimi mtoto wa nyumbani. Nikamwomba anisamehe. Akasema msamaha hautamrudishia kazi. Lililosemwa mbele ya watu likafutwe mbele ya watu. Kisha akaendelea kusugua.

Kwa hiyo barua hii nimeiandika mara mbili. Ya pili nimempelekea mjomba leo asubuhi kwa mkono wangu, nikamwomba aisome Jumapili, mashangazi wote wakiwepo. Nitakuwepo. Kwako naomba jambo moja tu: zipigie simu zile nyumba mbili. Ukitaka kunichukia, nichukie. Nami sikufichi, miezi minane hii nimekuchukia, kwa simu zako, kwa picha zako, kwa kukaa mbali na kuagiza. Nimehangaika sana kulifanya kosa hili liwe lako. Limekataa. Simu ningeweza kuizima.

Msalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Mjomba anakusalimu, ingawa salamu hizo alinipa kabla hajafungua bahasha.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nyumbani.