Matabishi ya Mama Masika

Butembo, mardi jioni

Mais nilikuwa nimechoka, ni ile tu. Tangu vita ifunge barabara ya Eringeti, muchele hauingii tena. Leo kulinibakia nusu ya gunia, nikaapa: hapana kumupa mutu matabishi, hata konzi moja ya kuongezea.

Mama Masika akafika, mwenye ananunuaka kwangu miaka yote. Nikamupimia kimya, nikafunga. Akabakia amesimama. Haya ikanishika, nikamwongezea konzi.

Akairudisha mu gunia.

"Haiko konzi nilikuwa nangojea," akasema. "Kila mara unaniulizaka batoto banaamukaje."

Donc nikauliza.

Batoto bake bawili bangali kule Eringeti. Miye ile barabara nilikuwa naililia sababu ya muchele tu.