Kioo cha Duara kwa Bafu la Mama

Ijumaa, jioni. Manyunyu yamekuja na kukatika mchana kutwa, na Magomeni yote inanuka tope. Moyo wangu sina la kuusemea.

Mama ametoka hospitali leo. Ningependa kuishia hapo, nifunge simu nikalale, lakini nisipoandika nitakesha nikizungumza na dari.

Nianze na bafu, maana yote yameanzia bafuni.

Mama ni mpambaji wa maharusi. Tangu nikiwa mdogo sebule yetu imekuwa ya wasichana wanaosubiri kupakwa hina, kusukwa na kuvalishwa, na kila mmoja anataka kujiona mbele na nyuma. Ndiyo maana nyumba yetu ina vioo vingi kuliko madirisha. Kipo kirefu cha kusimama sebuleni, hicho ni cha maharusi. Kipo cha mlango wa kabati chumbani kwake. Kipo kidogo ukumbini, ambacho hakuna anayepita bila kukitupia jicho, na wa kwanza ni Mama mwenyewe. Mama anajipenda na hafichi. Akiambiwa amependeza hujibu, "Najua, mwaya."

Bafu letu lilikuwa uani. Alipoanza kuumwa, kaka yangu Hamidu, ambaye ni wakala wa mizigo bandarini, alileta fundi na stoo ikageuzwa bafu la ndani. Marumaru alichagua Mama: nyeupe, na mstari wa bluu katikati ya ukuta. Kabla ya kulazwa alituachia neno moja tu.

"Kioo msininunulie. Nikitoka nitakwenda Kariakoo nichague mwenyewe."

Wiki iliyopita daktari alituita pembeni, mimi na Hamidu. Ziwa la kushoto wameliondoa, alisema, ila ugonjwa ulikuwa umeshavuka. Uko kwenye mapafu, uko kwenye mifupa. Mpelekeni nyumbani, mkae naye.

Mkae naye. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza nguvu.

Hamidu aliamua palepale kwenye ngazi kwamba Mama asiambiwe. Atakata tamaa, alisema, ataondoka kabla ya wakati wake. Nikakubali haraka. Wala haikuwa hekima, ulikuwa woga. Nilijua kama kuna wa kumwambia, angekuwa mimi, mtoto wa kike.

Basi nikabaki na siri kifuani na mikono haina kazi. Nikakimbilia kioo.

Najua alisema nisinunue. Nilijua pia kwamba Kariakoo hatakwenda tena. Nikalala na simu usoni nikisoma mambo ya vioo vya bafuni kama mtu anayesomea mtihani. Cha mstatili, kikilazwa, hupanua bafu jembamba. Cha yai hukaa vizuri juu ya sinki dogo. Cha upinde kinataka dari ya juu. Cha duara hulainisha ukuta uliojaa pembe za marumaru. Nikalinganisha fremu nyeusi na fremu za dhahabu. Mama yangu anakufa na mimi nahangaika na fremu! Lakini katika maswali yote niliyokuwa nayo, hilo peke yake ndilo lilikuwa na jibu.

Jumatano nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Muuzaji ni mtu wa Kilimanjaro, mchangamfu, kila mteja anamwita Mangi na yeye anaitika.

"Karibu dada. Bafu lako lina staili gani?"

Nikamwambia ni jembamba, jeupe, lina mstari wa bluu.

"Basi hapo ni mstatili. Tunaulaza, bafu linajaa upana. Au kama la mama wa nyumba, chukua cha yai, hiki kina heshima. Cha duara kinatoka sana siku hizi, ila kwa bafu jembamba kitaonekana kama sahani imesahaulika ukutani."

"Cha duara kinaonyesha mpaka wapi?"

"Mpaka wapi, vipi?"

"Mtu akisimama mbele yake. Anajiona mpaka wapi?"

Akakishika mbele yangu, akanirudisha hatua. Niliona uso wangu na mabega. Kifua kikaanzia chini ya fremu, hakikuonekana.

"Ukikipandisha kidogo," alisema, "unabaki uso tu."

"Nipe hicho."

"Dada, staili haikubali. Nakwambia ukweli, mimi ndiyo kazi yangu."

"Nipe hicho hicho, Mangi."

Akanifungia kwa maboksi huku anatikisa kichwa. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa sitafuti kioo cha kuonyesha. Nilitafuta cha kuficha. Mama angepiga mswaki, angefunga kilemba, angejiona mzuri kama kawaida yake, na kile kidonda kingebaki huko chini bila kutazamwa na mtu. Niliona nimepata akili kubwa.

Jana fundi alikitundika. "Juu zaidi," nikamwambia. Akauliza kama Mama ni mrefu. Nikasema ndiyo. Mama ni mfupi, akisimama karibu na jokofu haoni juu yake.

Halafu leo asubuhi, kabla ya kwenda hospitali Upanga kumchukua, nikasimama sebuleni na kukumbuka vile vioo vingine. Kile kirefu kinamtazama mtu anapoingia tu mlangoni. Mama angeingia na gauni linaning'inia upande mmoja, na kabla hajakaa angejiona kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikaingiwa na hofu kama mtu aliyesahau chungu motoni. Hamidu alikuwa anapiga honi ya bajaji nje. Nikavuta mashuka meupe kabatini, yale mapya tuliyonunua kwa ajili ya hospitali yakabaki bila kutumika. Moja juu ya kioo kirefu. Jingine kwenye mlango wa kabati. Cha ukumbini nikakitupia taulo nyeupe. Nikafunga mlango, nikaondoka nimetulia.

Nimetulia, mimi! Mtoto niliyezaliwa na kukulia nyumba hii.

Kwetu, nyumba ikiwa na maiti, vioo hufunikwa. Hakuna asiyejua. Mtu akifa mtaani, kabla jamvi halijatandikwa, kuna mama wa kupita na shuka kufunika vioo, na mtaa huu mama huyo kwa kawaida ni Mama. Nimemwona akifanya hivyo kwa bibi. Nimemsaidia akifanya hivyo kwa jirani. Ungeniuliza swali hilo usingizini ningejibu. Ila leo sikuona msiba, niliona kifua cha Mama tu, na jinsi ya kukifunika.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Bi Chiku wa nyumba ya pili alitoka na khanga kichwani akasema, "Karibu nyumbani shoga yangu, tumekukosa," na Mama akamjibu, "Mtaa umedorora bila mimi, naona." Alikuwa na furaha. Nataka niandike hilo, kwamba alishuka kwenye bajaji na furaha. Alipofika mlangoni kwake akapiga hodi kwa utani.

Akaingia. Akasimama.

Aliangalia kioo kirefu kilichovikwa shuka. Akageuza shingo polepole akaangalia ukumbini, akaona taulo. Mkono wake uliokuwa begani kwangu ukawa mzito.

"Nani amekufa?"

Alimaanisha hivyo hasa. Alidhani tumemficha msiba wa mtu. Nilimwona anawapitia ndugu mmoja mmoja kichwani, nani, nani.

Hamidu ni mwepesi wa maneno, ndiyo riziki yake. "Hakuna mtu, Mama. Ni vumbi. Fundi alikuwa anakata marumaru, tukafunika vyombo."

Uongo mzuri ajabu. Ungepita. Mama angecheka, angesema mna wazimu nyie watoto, mnataka kuniua kwa presha.

Ila mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Mama akanitazama. Halafu akamtazama Hamidu, na Hamidu akaangalia viatu vyake. Nikaona sura ya Mama ikiacha kutafuta. Haikuwa na haja ya kuwapitia ndugu tena.

"Kumbe," alisema.

Neno moja hilo. Siri ambayo watu wazima wawili tuliilinda kwa wiki nzima, nimeianika kwa mashuka mawili na taulo.

Hakuuliza daktari alisema nini. Aliomba maji, akanywa amesimama, akasema anataka kuona bafu lake. Tukampeleka. Akapapasa marumaru kwa kiganja, akasifu mstari wa bluu, akasema fundi amejitahidi kwenye pembe. Halafu akasogea mbele ya sinki na kuinua kidevu.

"Hiki nani kachagua?"

"Mimi, Mama."

"Kwa nini kiko juu hivi? Mbona nimebaki kichwa?"

Akajaribu kusimama kwa vidole, mkono umeshika sinki, akaona labda mpaka shingo. Akashuka. Akaniambia kwa sauti ileile anayomwambia bibi harusi aliyeletewa gauni lisilo saizi yake:

"Daktari kaniondolea ziwa moja tu, Zuhura. Wewe umeniondolea mwili mzima."

Sijawahi kuambiwa neno likanikaa hivi. Hata sasa ninapoliandika nalisikia mgongoni.

Akasema kitolewe, aletewe chake. Mimi na Hamidu tukabeba kile kioo kirefu cha maharusi kutoka sebuleni mpaka bafuni, tukakiegemeza ukutani karibu na sinki. Mangi angekiona angelia. Fremu ya mbao ya zamani, nakshi za kizamani, kimeziba nusu ya mstari wa bluu na mlango haufunguki wote. Hamidu akatoka. Mama akaniambia nimfungue vifungo, mkono wa kushoto haupandi.

Nikamfungua. Nikatazama sakafu.

"Tazama," alisema. "Siku utakaponiosha utaona yote. Heri uzoee sasa, mimi nipo."

Nikatazama. Bandeji kubwa ya pamba na plasta upande mmoja, na upande wa pili ziwa lililotunyonyesha sisi wawili, limelala peke yake. Mifupa ya shingo imetokeza. Ngozi ya tumbo imelegea. Nilidhani atalia. Hakulia. Alijitazama kama anavyowatazama maharusi wake kabla hajaanza kazi, bila huruma na bila haraka, akageuka upande, akageuka upande wa pili.

"Nimekonda," alisema. Kisha, "Nifunge."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nikafunga vifungo. Kimoja nilikikosea, akanionyesha kwa kidole kwenye kioo, nikarudia.

Mchana alikunywa uji kidogo, akalala. Hamidu amekaa kibarazani tangu wakati huo, hazungumzi na mimi. Sijui kama amekasirika, au ana aibu kwamba alitaka kumdanganya. Labda vyote. Mimi mwenyewe nashindwa kujua nilichokifanya leo ni ukatili au ni nini. Mama sasa anajua, na nimeona alivyopumua baada ya kujua, lakini haki ya kumwambia vizuri, tumekaa, tumeshikana mikono, nimeipoteza. Amesoma habari ya kifo chake kwenye shuka.

Alipoamka baada ya alasiri alinituma nifunue vioo vyote. Nikafunua. Nyumba ikajaa watu tena, wote ni mimi, macho mekundu.

Akaniita nikiwa na mashuka mkononi. Akasema yakunjwe vizuri, yawekwe rafu ya juu ya kabati, yasichanganywe na ya kulalia. "Siku yenyewe usiwaachie watu," alisema. "Funika mwenyewe. Leo ulifunika vibaya, kile cha ukumbini taulo ilikuwa imekaa upande."

Halafu akasema kesho nimpeleke Kariakoo, kioo cha duara kirudi kilikotoka. Hata kama atabaki ndani ya bajaji na Mangi amletee vioo barabarani, kimoja kimoja, yeye atachagua. Alisema atachagua, na atachagua.

Nimemwitikia. Nguvu za kufika mpaka Gerezani hana, naliona hilo, na yeye analiona kuliko mimi.

Mashuka nimeyakunja. Yapo rafu ya juu, peke yake, nikinyoosha mkono nayafikia. Na Mangi akiniuliza tena bafu lina staili gani, nitasogea pembeni Mama ajibu mwenyewe.

Kesho, tukiamka wote.