Mausi Yetu ya Ayany Iko Kawangware

Kawangware,
Mwezi wa tatu, 2008

Kwako Baba,

Nakusalimu kwanza, kabla hasira haijanitangulia. Ule mguu ulioumia siku ya kukimbia umepona? Na mvua imefika huko Machakos, ama bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima. Nakula, naenda shule, nalala. Nikisema niko sawa nitakuwa nimekudanganya, kwa hivyo nasema tu mzima.

Unanijua. Nikiitwa mbele ya watu ulimi unalala. Hata ukinipigia kwa simu ya Mjomba Nzioka nasema "ndiyo Baba, ndiyo Baba" mpaka unakata, na maneno yote yamebaki mdomoni. Ndiyo maana naandika. Tena simu ni yake, na haya si ya kusemea kwa simu yake.

Wiki iliyopita ulisema ukija Jumamosi utapitia polisi umshtaki Baba Ochieng kwamba aliiba kompyuta za saiba yetu. Baba, usiende. Si yeye. Nitakueleza nilivyojua, na nakuomba usome mpaka chini hata ukikasirika.

Unakumbuka mimi na Ochieng tulivyokuwa tunacheza gemu ya bunduki kwa ile kompyuta ya kona, jioni wateja wakiisha. Tulikuwa wawili kwa mashine moja. Yeye kibodi, kazi yake kutembea. Mimi mausi, kazi yangu kugeuka na kulenga. Ulikuwa ukitucheka, unasema ni vipofu wawili kwa baiskeli moja. Kile hukujua ni vile tuligombana juu ya kasi ya mausi.

"Ongeza, wewe!" Ochieng alikuwa ananifokea. "Adui hatakungoja umalize kupika muthokoi!"

Nikiongeza, mausi ukiigusa kidogo tu dunia yote inazunguka, bunduki inampita adui inaenda kulenga ukuta. Ochieng mwenyewe anashika tumbo. "Punguza bana, nitatapikia kibodi ya babako." Nikipunguza, meza ilikuwa nyembamba, mkono unafika ukingoni kabla sijageuka hata nusu. Nainua mausi, narudisha, nainua, narudisha, na tayari tumekufa.

Mwishowe tukapata njia. Nilichagua alama moja kwa ukuta wa ndani ya gemu, nikaweka mausi upande wa kushoto wa kile kipande cha kapeti ulichotukatia, nikaivuta mara moja mpaka upande wa kulia. Nikiipita alama, kasi ni nyingi. Nisipoifikia, ni kidogo. Tukawa tunasogeza kale kamstari ka kasi kwa skrini, tunajaribu, tunasogeza tena, mpaka mvuto mmoja ukanizungusha duara nzima na kunirudisha palepale. Ochieng akatoa amri kwamba hakuna kugusa tena, hata tukiuawa namna gani. "Ukibadilisha kila ukikufa, mkono hautajua kwao." Ilikuwa kweli. Baada ya muda sikuwa nafikiria mausi. Nikiangalia mahali, mkono umeshafika.

Halafu kura zikaja. Sitarudia yale unajua. Hapo mwanzo sisi Wakamba tulichekwa tu kwamba tumempigia kura mtu ambaye hashindi. Siku mkubwa wa kwetu alipopewa kiti serikalini ndiyo na sisi tukawa "wale" wa kurushiwa mawe. Mjomba akaja na mkokoteni wake akatutoa Ayany, akatuleta hapa kwake Kawangware. Ulifunga saiba na kufuli moja, funguo ukaacha mbili: moja kwa Baba Ochieng, kwa sababu ule mlango wa chuma aliuchomelea yeye mwenyewe na karakana yake iko hapo kando, na nyingine kwa mjomba, kwa sababu ni ndugu ya mama, mwaitu.

Mjomba akarudi Ayany kutuletea magodoro. Unakumbuka tulivyomshukuru. Siku chache baadaye akaenda tena kuangalia saiba, akaja ameshika kichwa. Ndani kumebaki ukuta. Kufuli halikuvunjwa. Na juu ya mlango kumeandikwa kwa rangi nyeupe: KWA BABA OCHIENG.

Ulikaa kwa kiti ukasema, "Hata hajangoja nifike mbali. Ameshaandika jina."

Nami nikamchukia, Baba. Yeye na mtoto wake. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa rahisi kama kuvaa shati, na hilo ndilo linaniuma kuliko mawe yote tuliyorushiwa.

Kisha mkaenda Machakos, mimi nikabaki hapa kwa mjomba kwa ajili ya shule. Sasa sikia. Juzi Jumamosi shangazi, mke wa mjomba, alinituma nikachape barua yake ya kuomba kazi kwa saiba mpya, hapa karibu na steji. Mwenyewe ni kijana anaitwa Karis. Kulikuwa na mtoto analia na kompyuta moja.

"Karis, hii mausi imekufa! Haizunguki!"

"Ilikuja hivyo hivyo," Karis akamwambia. "Mimi hizo mambo za gemu sijui kurekebisha. Vuta na nguvu."

Mtoto akasonya, akatoka. Barua ya shangazi ilikuwa inatoka kwa printa, nikakaa pale kungoja. Gemu ilikuwa ile yetu. Nikashika mausi, nikavuta mara moja, bila kufikiria. Nikazunguka duara nzima, nikasimama palepale nilipoanzia.

Baba! Mkono ulijua kabla yangu. Nikafungua mahali pa kusogeza kasi, kale kamstari kako pale pale tulipokaacha. Juu yake jina la mchezaji: MUTUOCHI. Mutua na Ochieng. Hakuna mwingine duniani anaitwa hivyo.

"Hii mashine umeitoa wapi?" Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga.

"Si ni Nzioka aliniuzia? Huyo huyo unakaa kwake," Karis akasema. "Hizi zote na printa. Mwezi wa kwanza hapo, bado watu wanarushiana mawe, akazileta na mkokoteni amezifunika na magodoro. Kwani hakukwambia?" Akacheka. Hajui kitu yule, alinunua tu.

Magodoro yetu, Baba. Yale tunalalia.

Nilimkuta mjomba akinywa chai. Sijui nilitoa wapi mdomo.

"Anko, kompyuta za Baba ziko kwa Karis."

Hakuruka. Alimaliza kumeza kwanza. "Sikiza, Mutua. Huko walikuwa wanachoma. Ulitaka babako apate majivu?"

"Si ungemwambia."

"Nimwambie, halafu mkule nini? Mmenijazia nyumba, unga imepanda, mkokoteni haina kazi. Ule unga uliingia hapa na miguu yake? Babako amekula kompyuta zake, kijana. Amekula, ameshiba, akanishukuru. Mimi nilimwondolea tu aibu ya kuuza."

Hapo kuna ukweli, Baba. Hata mimi niliomba kuongezwa ugali. Nikamuuliza tu, "Na Baba Ochieng?"

Alizungusha kikombe. "Huyo ana watu wake. Akisingiziwa, watamtetea."

Hivyo tu. Kisha akamwita shangazi amwongezee sukari.

Jana baada ya kanisa nilitembea mpaka Ayany. Jina bado liko kwa mlango. Ochieng alikuwa amesimama nje ya karakana ya baba yake. Nikasema niaje.

"Umekuja kuangalia kama kuna kitu tumewaachia?" akaniuliza.

Baba yake akamwambia anyamaze. Akavua ile miwani yake ya kuchomelea, akanipa kigoda. Amekonda. Nikamuuliza kwa nini aliandika jina. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula.

"Watu walikuwa wanapita na petroli, mtoto wangu. Mlango wenye jina la huku wanauruka. Ningeandika jina la babako?"

Halafu akaniambia lingine. Siku mjomba alipokuja na mkokoteni, Baba Ochieng ndiye aliyemsaidia kupakia. Alidhani wewe ndiye umetuma. "Ile ya kona ni mimi niliibeba, isianguke. Nikamwambia Nzioka amsalimie babako." Akawa anangoja simu yako. Alipoona hupigi, akapiga yeye, mara nyingi, hukushika. Baadaye akasikia sokoni kwamba yeye ni mwizi wa saiba. Kuna wateja wameacha kumletea kazi.

Mimi nilikuwa pale simu ikilia, Baba. Uliangalia jina ukaigeuza kifudifudi mezani.

Wale wakubwa wa siasa wameshapatana kwa televisheni, wakashikana mikono, mjomba akawapigia makofi hapa sebuleni. Hawakuwahi kujua kuna watu wawili Ayany, wewe na Baba Ochieng, waliokuwa wanakunywa chai kwa thamosi moja.

Sasa nakwambia nilichofanya, na ukitaka kunipiga utanipiga. Baba Ochieng alipomaliza, Ochieng akasema, "Waambie kwenu polisi tunawangoja." Kwa hivyo habari ya polisi wameshaisikia. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama, mimi ambaye sisimami hata darasani, nikasema: "Baba amejua ukweli. Jumamosi anakuja hapa hapa kwa mlango kukuomba msamaha."

Hukunituma. Ulikuwa hujui lolote. Nimesema uongo na jina lako ndani yake, na mwenye kuufanya uwe kweli ni wewe. Mimi siwezi.

Barua hii anakuletea mama wa mboga, jirani yetu, anayerudi Machakos kesho. Nimemwambia akupe wewe mkononi. Mwaitu msalimie sana, lakini habari ya kaka yake umwambie mwenyewe, mkiwa mmeketi, si kwa kumsomea. Nyanya yetu, Susu, mwambie namkumbuka, na kile kikohozi asikifiche. Mumbua, dadangu mdogo, mwambie asome, na asizoee kulia kila akisikia Nairobi ikitajwa. Kuhusu mimi, ugali wa hapa siku hizi unanikwama kooni, lakini naumeza, sina kwingine mpaka uamue.

Kutoka Ayany sina salamu za kukupa. Baba Ochieng hakutuma. Aliuliza tu utafika saa ngapi, nikamwambia asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Mutua