Ndala za Kliniki ya Kisarawe

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa mtaani Picha ya Ndege tu wazima. Mjomba wako kahamia Sofu, anajisifia kuku wake mpaka tumechoka.

Unauliza kwa nini utaratibu mpya wa ofisi yenu huko Dodoma, uliochorwa vizuri kwa mishale, unazidi kuchelewesha wateja. Nilipokuwa nesi kijana Kisarawe, nasi tulichora wetu: dirisha la kadi, halafu la mizani, kila moja na foleni yake. Kwenye karatasi ulipendeza kweli! Lakini kina mama walizoea kupanga ndala kwenye foleni ziwashikie nafasi, wenyewe wakakaa kivulini na watoto. Sasa kila mmoja akaacha ndala moja huku, ya pili kule. Ndala ikifika mbele, mwenyewe yuko dirisha jingine.

Mganga mfawidhi, mkuu wetu pale kliniki, hakugombeza mtu. Alivua viatu, akavipanga vivyo hivyo, akakwama kama wao, akacheka. Kesho yake tukaweka meza moja, kadi na mizani pamoja. Kufika adhuhuri barazani hapakuwa na ndala hata moja, na vigelegele vilisikika mpaka sokoni!

Kapange foleni na wateja wako, uone unapokwama. Mambo yakinyooka nipigie simu. Kigelegele changu bado kipo.

Bibi yako, Mwanahamisi