Mmoja Kabakiwa na Maneno

Jumatatu, 3 Juni
Uwele umeanikwa. Mama Salome, mke wangu, kapika mlenda. Kaomba mwiko, neno likagoma. Nipe kile, kile. Nikampa kofia yangu. Kanipiga nayo. Haki yangu.
Kaka yake, shemeji Yohana, kaja tena na tena kunisalimu kabla ya chai. Kila akija ni mbukwa mpya, salamu yao Wagogo, na utani uleule: Mrangi kama mimi hajui kukamua. Namjibu. Anafurahi kama ndiyo mara ya kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Binti yetu Salome kafika kutoka Mpwapwa, katupeleka hospitali wote. Daktari kasema magonjwa haya hayafanani. Wa mke wangu umeanzia kwenye maneno, kumbukumbu bado ipo. Wa shemeji umekula kumbukumbu, maneno umeyaacha. Nikasema tukiwaunga tunapata mtu mzima mmoja. Daktari hakucheka. Mama Salome alicheka.

Jumatano, 5 Juni
Salome kasikia sauti ya daktari tu, maana hakuishika. Kamuuliza mama maswali, kapata kimya. Kamuuliza mjomba, kapata hotuba. Basi kaamua: mjomba mzima, mama ndiye mgonjwa, Jumamosi anahamia kwake Mpwapwa. Nimechukia. Nibaki na Yohana?
Salome anataka ng'ombe wa mama aende naye, kwa maziwa. Huku ng'ombe hawalali zizi moja. Tunawagawa kwa marafiki, ukame usiwamalize wote. Huyu ni wa ukoo wao, mimi sikuulizwa akalale wapi. Yohana kasema yuko kijiji cha Mlali, kataja mpaka rangi ya mkia. Mke wangu katikisa kichwa, kanivuta shati. Salome kasema mama kachoka.

Alhamisi, 6 Juni
Mlali. Mwenyeji katushangaa. Kasema ng'ombe huyo alishamrudisha zamani, Salome akiwa bado shule. Katulisha ugali, tukarudi.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Salome katangulia, sisi nyuma. Kavuka korongo, kaingia kwa mjane mmoja, kamshika ng'ombe pembe. Mwekundu, ana ndama. Mjane kasema ndiye, na aliyemleta ni Mama Salome mwenyewe. Mke wangu kajaribu kumtaja mjane jina. Halikuja. Kampapasa mkono.
Salome kakaa chini, vumbini. Kisha kauliza lile ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.
"Mama, unataka kwenda Mpwapwa?"
"Hapana."
Neno hilo halijapotea. Analitumia kwangu tangu nimuoe.

Jumapili, 9 Juni
Salome kaondoka jana, peke yake. Upepo leo. Tumepura uwele kidogo. Nimemsimulia mke wangu kisa cha baba mkwe na fisi. Kacheka kabla sijafika mwisho. Daktari alisema iko siku na kumbukumbu hizo zitakwenda.
Nimekianza upya.