Spika Iache Makole

Busi, Kondoa
Jumatano, baada ya vipindi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mbukwenyi, salamu ya kwetu Ugogo. Natumaini goti limepoa na unaendelea kwenda kanisani asubuhi bila fimbo, au na ile fimbo unayoificha nyuma ya mlango wageni wakija. Mama kifua chake kinaendeleaje? Mimi mwili mzima. Uwele umeshaingia ndani, alizeti inapigwa, na vumbi limejaa kwenye daftari na kwenye chai. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu huwa unanijibu kabla sijamaliza kusema. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwezi ujao utakuja na wazee wenzako wawili wa kikundi cha mahubiri, na jenereta, na spika mbili, mfanye mhadhara wa siku tatu hapa kwenye uwanja wa mnada. Umewaambia kwamba binti yako wa Busi amemnyamazisha mzee wa Kiislamu kwa hoja za daftari lako. Baba, naomba usije na hizo spika, ziache hukohuko nyumbani Makole. Nitakueleza kwa nini. Ukikasirika, kasirika, ila endelea kusoma.

Mzee Ramadhani unamjua kwa barua zangu za mwaka wa kwanza. Ni jirani yangu wa ua kwa ua. Nilipohamishiwa hapa kufundisha, simjui mtu, yeye ndiye aliyenitengenezea mlango, na mkewe alinipa maji mwezi mzima bomba lilipokufa. Tena ndiye anayechinja. Hapa sherehe iwe yetu au yao, msiba uwe wetu au wao, mnyama anachinjwa na yeye, ili kila mtu ale bila kuuliza. Wakristo wa hapa hawaoni kwamba wamepungukiwa kitu. Ni ujirani tu, na hakuna aliyeuandika popote.

Sasa siku hiyo tulikuwa kwenye mashine ya kusaga, foleni ndefu, umeme unakatika na kurudi. Mzee akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, mkimbatiza mtoto mnataja majina matatu. Hayo ni ya miungu mingapi?"

Ile sauti ya chini ndiyo niliyopaswa kuisikia. Mimi nilichosikia ni swali la kumi na nne la daftari lako. Nikajibu kwa sauti ninayotumia kuwatuliza darasa la sita. Nikampa mafiga matatu na chungu kimoja, nikampa jua na mwanga wake na joto lake. Kisha, kwa kuwa ulinifundisha kwamba anayejibu tu hajashinda, nikamgeuzia. "Na wewe mzee niambie. Neno la Mungu liliumbwa, au lilikuwapo siku zote? Ukisema liliumbwa, basi kuna wakati Mungu hakuwa na neno. Ukisema lilikuwapo siku zote, basi umeshakubali kitu cha milele pamoja na Mungu. Sasa mimi unaniuliza nini?"

Hoja nzuri, baba. Mpaka leo naiona ni nzuri. Mzee aliangalia debe lake la mahindi. Vijana kwenye foleni wakacheka, mmoja akapiga mluzi. "Umeshinda, mwalimu," mzee akasema, akabeba debe lake bila kusaga, akaondoka. Nami, Mungu anisamehe, nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikakupigia nikakusimulia. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Wiki mbili baadaye ikaja sikukuu yetu ya mavuno. Jumamosi Mama Rebeka, mzee wa kanisa anayesimamia jiko, akatuma mtu amwite Mzee Ramadhani aje atuchinjie mbuzi. Jibu likaja kwamba mguu unamsumbua. Mguu wenyewe nilikuwa nauona uani kwake ukienda na kurudi. Basi wakachinja wenyewe. Jumapili baada ya ibada tukatandika mikeka kama kila mwaka, na nusu yake ikabaki mitupu. Hakuja jirani Muislamu hata mmoja, na wangekuja wangekula nini? Sufuria mbili za wali hazikufunguliwa. Mama Rebeka akanifuata nyuma ya kanisa.

"Nasikia ulimshinda Mzee Ramadhani."

"Aliniuliza, mama, nikamjibu."

"Sawa. Na huu wali utaliwa na nani, na hoja zako?"

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wangu. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mzee kwa kununa kama mtoto, nikakukasirikia wewe na daftari lako. Kwani sisi tumeagizwa tunyamaze? Mtu akiniuliza imani yangu nimpe nini, chai? Nilikaa na hasira hiyo siku nne. Siku ya tano nikaenda kumwomba radhi, na nikuambie ukweli, nusu nilienda kuomba radhi na nusu nilienda kumwonyesha kwamba muungwana kati yetu ni mimi.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Hakunikaribisha kigoda. Alimaliza mahindi kama matatu hivi, ndipo akasema, "Mwalimu, mimi sikuja kushindana na wewe. Zaina amezaa."

Zaina ni binti yake wa mwisho. Hapa wote tunajua yuko Babati anashona nguo. Hatukujua kwamba ameolewa na Mkristo, huu mwaka wa tatu, na mzee hajakanyaga kwake wala kulitaja jambo hilo kwa mtu. Mwezi ule binti akamletea ujumbe: mtoto wa kiume, atabatizwa, baba njoo hata ukikaa nje. Ubatizo ulikuwa Jumapili ileile ya mavuno yetu. Mzee alikuwa amepanga atuchinjie Jumamosi, halafu Jumapili adamkie basi la kwanza.

"Nilitaka kujua wanamtajia mjukuu wangu majina gani," akasema, "ili nikikaa pale nisiwe kipofu. Wa kumwuliza nilikuwa na wewe tu. Ukawafanya watu wanicheke. Nikasema, kama jirani yangu ananifanya hivi kwenye mashine, hao wakwe nisiowajua watanifanyaje? Nikabaki."

Hakwenda, baba. Mtoto amebatizwa na babu yake amekaa uani, mguu mzima kabisa. Niliona aibu, sikujua niiweke wapi.

Ndipo akaniuliza upya, kwa sauti ileile. Daftari sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo nisingelifungua. Nikamwambia Mungu ni mmoja, hapo hatugombani. Ila sisi tunaamini kwamba Mungu hakuanza kupenda siku alipoumba mtu wa kumpenda. Kupenda kulikuwamo ndani yake tangu hapo, Baba na Mwana na Roho, na mtoto tukimtia maji tunamwingiza kwenye upendo huo uliokuwapo kabla yake na kabla ya babu zake. Nilisema kwa kubabaika, nikirudia maneno. Wewe ungenisahihisha mara tatu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sijakubali. Lakini nimeelewa. Kwa hiyo hawakumtendea ubaya." Nikasema hapana, mzee, hawakumtendea ubaya.

Sasa sikiliza kinachonikera. Ile aya uliyonikaririsha nikiwa darasa la nne, ya kuwa tayari wakati wote kumjibu anayetuuliza sababu ya tumaini letu, nimeifungua na kuisoma. Haiishii pale tulipokuwa tunaishia. Inaendelea, na inayoendelea ni habari ya upole. Miaka yote hii nimeishika nusu. Nani aliikata, baba? Mimi nilikuwa mtoto, niliisema kama nilivyoisikia kwako.

Usinielewe vibaya. Hoja sizikatai. Mtu akisimama aseme imani yetu haitaki akili, nitambishia mpaka jua lizame, na nitambishia kwa yale uliyonifundisha. Nimechoka tu na hoja inayotafuta mtu wa kuangusha. Nimechoka pia kuwa hadithi ya kufurahisha kikundi chenu, wakati hapa napishana na jirani yangu nikiangalia chini.

Njoo, ila njoo hivi. Mzee Ramadhani anataka kwenda Babati kumwona mjukuu. Ukweni mtu haendi peke yake, unajua, na kwa wenzake wa msikitini bado hajaweza kulisema. Ameniruhusu nikuambie wewe tu, wala usilifikishe kwenye kikundi. Anauliza kama utamsindikiza. Nilimwambia wewe ni mwinjilisti, miaka thelathini unabishana na watu wa dini yake. Akasema, "Si ni baba mwenye binti mbali? Huyo ndiye ninayemtaka."

Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie zile dawa azimalize, asizigawe kwa majirani. Msalimie kaka na mkewe, na shangazi wa Kongwa akishuka mjini. Mtoto wa kaka mwambie kitabu chake cha picha nimekipata, nitakituma kwa mkono wako ukirudi.

Jogoo wako yupo, amenona. Nilimwomba Mzee Ramadhani atuchinjie siku utakapofika. Hakukataa wala hakukubali. Amesema atakuwa stendi, aone kwanza umeshuka na nini.

Ni mimi binti yako,
Pendo